Sura ya Sita: Hesabu na Masimulizi Katika Utafiti Mmoja

Katika majira ya baridi ya mwaka 1931 kuingia 1932, kundi la watafiti kutoka Vienna lilipiga kambi Marienthal, kijiji cha wafanyakazi kilicho kusini-mashariki mwa jiji hilo. Kijiji kilikuwa kikiishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, na kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kulikuwa na familia 478, nyingi zikitegemea posho ya wasio na kazi, na posho yenyewe ilikuwa na ukomo. Swali la watafiti lilikuwa jepesi kulitamka: kukosa kazi kunamfanya nini binadamu? Katika siasa za Ulaya ya wakati huo majibu yalikuwa mawili, na yalipingana. Wapo walioamini kwamba dhiki itawainua wafanyakazi wapindue serikali. Wengine waliona kwamba itawalaza.

Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walioandika kitabu cha utafiti huo kilichotoka mwaka 1933, hawakutaka kulijibu swali hilo kwa njia moja. Kundi lao liliandika historia za maisha ya watu. Liliwapa wanakijiji karatasi za kujaza walichokifanya saa kwa saa kutwa nzima, likakusanya insha za watoto wa shule kuhusu zawadi walizozitamani Krismasi, likapekua madaftari ya maktaba na kuangalia familia inakula nini na kwa fedha kiasi gani. Halafu kuna kipande ninachokipenda kuliko vyote: watafiti walijibanza dirishani, mahali pasipoonekana, wakatazama barabara kuu ya kijiji na kupima kwa saa mwendo wa wapita njia.

Wanaume walikokota miguu. Walisimama, wakaegemea ukuta, wakapiga gumzo, wakaenda hatua chache, wakasimama tena. Wanawake walipita barabara hiyohiyo wakiwa na haraka. Ukiziweka namba hizo peke yake mezani, unaweza kuzitafsiri utakavyo, hata useme kwamba wanaume wa Marienthal walikuwa wagonjwa. Zile karatasi za saa kwa saa ndizo zilizotoa maelezo. Wanawake walikuwa wamepoteza mshahara tu; kazi bado walikuwa nayo, maana nyumbani kulikuwa na kupika, kufua, kushona viraka na kulea. Kwa wanaume siku ilikuwa imepoteza vigingi vyake. Mtu alikumbuka kwamba aliamka, akala, akalala; saa zilizobaki katikati hakuweza kuzisimulia, kwa sababu hakuna kilichotokea.

Maktaba nayo ilikuwa na ushahidi wake. Ada ya kuazima vitabu iliondolewa, na watu walikuwa na muda tele wa kusoma. Hata hivyo, vitabu vilivyoazimwa vilipungua kwa karibu nusu kati ya mwaka 1929 na 1931. Namba hiyo iliwazuia watafiti wasije na hadithi ya kupendeza kuhusu mfanyakazi anayetumia likizo yake ya lazima kujielimisha.

Lakini jambo lililoufanya utafiti ule uendelee kusomwa mpaka leo ni lile walilolifanya baadaye. Baada ya kuzisikiliza familia na kuingia majumbani mwao, walizigawa katika makundi manne kwa namna zilivyoyakabili maisha: zisizovunjika moyo, zilizokubali yaishe, zilizokata tamaa, na zilizojiachia kabisa hata kuosha watoto zikaacha. Mgawanyo huo ulitoka kwenye macho na masikio, si kwenye mizani. Kisha wakaenda kwenye daftari la mapato na kuuliza kila kundi linaishi kwa kiasi gani. Kwa mwezi, kwa kila mtu mzima na mtoto akihesabiwa kama sehemu ya mtu mzima, zisizovunjika moyo zilikuwa na shilingi 34 za Austria, zilizokubali yaishe 30, zilizokata tamaa 25, na zilizojiachia 19.

Namba hizo nne zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Zinaonyesha kwamba makundi yaliyopatikana kwa kusikiliza hayakuwa hisia za watafiti peke yake, kwani yanafuatana na kipato hatua kwa hatua. Zinaonyesha pia kwamba shilingi chache zilitenganisha nyumba iliyosimama na nyumba iliyoanguka. Na kwa kuwa posho ilikuwa ikipungua kadiri muda ulivyokwenda, mtu angeweza kukisia familia nyingi zilikuwa zikielekea wapi. Hakuna mkusanyiko wa masimulizi ambao ungeyasema hayo peke yake. Wala jedwali la mapato lisingejua kwamba kati ya 25 na 19 kuna mama aliyeacha kufagia.

Nyumba mbili zisizosalimiana

Utafiti wa kiidadi huchukua vitu vinavyohesabika, hupima watu wengi waliochaguliwa kwa kanuni, na huuliza kiasi gani, mara ngapi, na kama tofauti tunayoiona ni ya kweli au ni bahati tu. Utafiti wa kimaelezo, ambao vitabu vingine huuita wa kitaamuli, hukaa na watu wachache kwa muda mrefu na huuliza jambo linatokeaje na wahusika wanalielewaje. Mwanafunzi wa chuo chochote cha Afrika Mashariki ameshakutana na mgawanyo huu katika sura ya tatu ya tasnifu yake.

Kwa miaka mingi, hasa miaka ya 1970 na 1980, wataalamu wa pande hizi mbili walikuwa kama majirani wenye kesi ya mpaka. Waliobishana walisema tofauti haiko kwenye vifaa bali kwenye imani: mmoja anaamini ukweli uko nje unangoja kupimwa, mwingine anaamini watu huujenga ukweli kwa kuzungumza na kuishi pamoja, na imani mbili hizo haziwezi kukaa ndani ya kitabu kimoja. Mimi naona ubishi ule ulikuwa na thamani kwa wanafalsafa, lakini mtafiti anayetaka kujua kwa nini watoto wanakufa hana nafasi ya kungoja uishe. Waliotuonyesha njia ya kutoka walikuwa wengi. Mwaka 1959 Donald Campbell na Donald Fiske walishauri sifa moja ipimwe kwa mbinu zaidi ya moja, ili tujue tunachokiona ni sifa yenyewe na si kivuli cha kifaa. Mwaka 1989 Jennifer Greene na wenzake walizipanga sababu za kuchanganya katika makundi matano. John Creswell akaandika vitabu vya kufundishia vilivyoenea vyuoni dunia nzima, na mwaka 2007 fani ikapata jarida lake. Siku hizi ni vigumu kuona tangazo la kazi ya tathmini lisilotaja mbinu mseto.

Kutaja ni rahisi. Mwaka 2006 Alan Bryman alichapisha uchunguzi wa makala 232 za sayansi ya jamii zilizochanganya mbinu. Aligundua kwamba mara nyingi sababu waliyoitoa waandishi ya kuchanganya haikulingana na walichokifanya baadaye. Mtu aliahidi hiki akatoa kile, au hakueleza kabisa kwa nini alichanganya. Hali hiyo haijaisha. Chukua ripoti yoyote ya mradi: sura ya nne ina majedwali, sura ya tano ina nukuu za wanakijiji, na sura hizo mbili hazijawahi kusalimiana.

Degedege, Bagamoyo mpaka Rufiji

Mfano ulio karibu nasi unatoka mkoa wa Pwani, na unahusu watoto na malaria kali. Miaka ya 1990 watafiti wa mradi wa vyandarua Bagamoyo walitaka kujua wazazi wanafanya nini mtoto anapougua homa. Walianza kwa kusikiliza. Walichokikuta kila mtu aliyekulia Pwani anakifahamu: homa ni jambo moja, degedege ni jingine. Homa ilipelekwa hospitali au ikanunuliwa dawa dukani. Degedege, mtoto anapokakamaa na kugeuza macho, lilihusishwa na shetani, likatibiwa kwanza kwa mganga au kwa bibi anayejua kufukiza. Hospitali ilifuata baadaye, mtetemeko ukishatulia. Ilihofiwa pia kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1996, na funzo lake kwa watu wa hojaji lilikuwa la moja kwa moja: ukiuliza kuhusu malaria tu, visa vibaya kuliko vyote havitaingia kwenye karatasi yako, kwa kuwa mama wa mtoto hajavihesabu kuwa ni malaria.

Sasa vuka uende Rufiji, kusini mwa mkoa huohuo. Huko, tangu mwaka 1998, kulikuwa na mfumo wa kufuatilia vizazi, vifo na uhamaji wa watu wapatao 85,000, kaya kwa kaya, kila baada ya miezi minne. Kifo kikitokea, mhojaji aliyefunzwa aliirudia nyumba baada ya muda wa msiba na kuwauliza waliomuuguza marehemu. Chombo alichokibeba ni mseto kwa maumbile yake. Upande mmoja kina maswali ya ndiyo na hapana: alikuwa na homa, kwa siku ngapi, alitetemeka, alikohoa? Upande mwingine kinaacha nafasi ya wazi ambamo ndugu anasimulia ugonjwa kuanzia ulivyoanza mpaka ulivyoisha, na mhojaji anaandika kwa maneno ya msimuliaji. Madaktari wakiisoma fomu nzima, kila mmoja kivyake, huamua sababu ya kifo.

Don de Savigny na wenzake walizirudia fomu za vifo vilivyohesabiwa kuwa vya malaria kati ya mwaka 1999 na 2001, wakasoma yale masimulizi na kuyageuza kuwa njia: kwanza familia ilikwenda wapi, kisha wapi, kisha wapi. Matokeo yao ya mwaka 2004 yaliwashangaza wengi. Takriban 79 kati ya kila wagonjwa 100 waliofariki walikuwa wameanzia kwenye tiba ya kisasa, yaani kituo cha afya au dawa ya malaria. Walioanzia kwenye tiba ya jadi walikuwa chini ya 10 kwa kila 100. Na degedege liwe lilikuwa sehemu ya ugonjwa au halikuwepo, chaguo la kwanza la tiba halikutofautiana.

Msomaji mwenye haraka atasema Rufiji imeikanusha Bagamoyo, yaani takwimu zimeyaumbua masimulizi. Asikimbilie huko. Kwanza, namba za Rufiji zenyewe zimetoka kwenye masimulizi. Zimehesabiwa tu kwa nidhamu. Pili, Bagamoyo waliuliza ugonjwa huo unaeleweka vipi na tiba yake ipi inafaa, wakati Rufiji walifuatilia nyayo za familia zilizofiwa, na anachokiamini mtu na anachokifanya saa nane za usiku mtoto akiwa anakakamaa mikononi vinaweza kutofautiana. Tatu, wilaya ni mbili na miaka imepishana. Nne, fomu za Rufiji zina waliokufa peke yao. Watoto waliopelekwa kwa mganga wakapona, na waliopelekwa zahanati wakapona, hawamo humo.

Faida imelala katika tofauti hiyo. Kama tungekuwa na Bagamoyo tu, tungemaliza bajeti kuwaelimisha akina mama waache waganga. Kama tungekuwa na asilimia za Rufiji tu, bila masimulizi, tungejua kwamba familia zilifika kituoni lakini tusingekuwa na pa kuanzia kuuliza nini kilitokea baada ya hapo. Zikiwekwa pamoja zinahamisha swali. Ikiwa wengi walianzia kwenye tiba ya kisasa na bado wakafiwa, basi tuangalie pia walichelewa kiasi gani, walipewa dawa gani, walirudishwa nyumbani na nani, na kituo kilikuwa na nini siku hiyo. Lawama inatoka kwa mama peke yake na kuifikia zahanati. Huo ni mgeuko mkubwa wa sera, na umetokea kwa sababu kuna mtu aliyesoma hadithi za misiba akiwa na kalamu ya kuhesabia mkononi.

Nani aanze, nani afuate

Ukiamua kuchanganya, uamuzi wa kwanza ni wa mpangilio, na mipangilio mikuu ni mitatu. Ule wa Marienthal ni wa sambamba: kila kitu kinakusanywa kwa wakati mmoja na kukutanishwa wakati wa uchambuzi. Ule unaoanza na masimulizi ndio unaofaa pale ambapo hujui hata uulize nini. Kazi kama ya Bagamoyo inakupa majina ya magonjwa, ngazi za tiba na hofu za watu, na hayo ndiyo yanayojenga hojaji ambayo watu wataielewa.

Mpangilio wa tatu huanza na namba, na ndio unaotumika sana katika tathmini za miradi, kwa hiyo nitaukalia kidogo. Tuseme umefanya utafiti wa vyandarua katika kaya 600. Mdadisi amekaa barazani na kishikwambi chake, ameorodhesha vyandarua vya nyumba hiyo kimoja kimoja, na kwa kila kimoja ameuliza ni nani alilala ndani yake usiku wa kuamkia leo. Uchambuzi unaonyesha kaya nyingi zenye chandarua zinakitumia. Lakini kuna kaya kadhaa zinazokwenda kinyume: zina vyandarua vitatu, watu watano, na hakuna aliyelala ndani. Zipo na nyingine maskini kabisa, ambazo kwa kila kipimo zilitarajiwa zisitumie, nazo zinatumia kila usiku. Hizo ndizo za kuzirudia. Usiende kwa mwenyekiti wa kitongoji akuchagulie watu wa kuzungumza nao. Atakupa wasemaji wazuri. Nenda kwenye data yako ikuchagulie. Ukifika utakuta labda baba ni mvuvi wa usiku, labda joto la mwezi huo haliruhusu, labda kulikuwa na msiba na watu wamelala uani, labda vyandarua vimehifadhiwa kwa ajili ya wageni.

Hapa ndipo wengi wanapokwama kwa jambo dogo la kiofisi. Ili kuirudia kaya namba 214 ni lazima uwe umehifadhi namba yake pamoja na mahali ilipo, na uwe umemwomba mwenye kaya ridhaa ya kurudiwa. Ridhaa hiyo inapaswa kuwemo kwenye maombi ya kibali tangu mwanzo, iwe unaombea NIMR na COSTECH Tanzania au NACOSTI Kenya. Aliyefuta utambulisho wote siku ya mwisho ya kukusanya data kwa nia njema ya kulinda siri, bila kuacha ufunguo uliofungiwa mahali salama, amejifungia mlango mwenyewe. Kuchanganya mbinu huanza kwenye pendekezo la utafiti. Wazo likikujia baada ya kutoka uwandani umeshachelewa.

Sampuli nazo zina sheria mbili zisizoingiliana. Wale 600 wamechaguliwa kwa kura ili wawakilishe wilaya. Wale 12 unaowarudia wamechaguliwa makusudi kwa sababu wana kitu cha kueleza, na hawamwakilishi mtu. Ndiyo maana sipendi kuona ripoti ikiandika kwamba asilimia 58 ya waliohojiwa kwa kina walitaja joto. Walikuwa saba kati ya kumi na wawili. Andika saba kati ya kumi na wawili, kisha utueleze walisema nini. Asilimia inaipa sauti ya wilaya nzima kauli ya watu wanaoenea kwenye daladala moja na viti vikabaki. Kosa la upande wa pili ni la kawaida zaidi: kuokota nukuu moja yenye utamu na kuipachika chini ya jedwali kama pambo, wakati mahojiano mengine kumi yalisema tofauti.

Dawa ninayoipendekeza kwa yote mawili ni jedwali la pamoja. Chora safu tatu. Ya kwanza andika matokeo ya kiidadi, kwa mfano kwamba matumizi ya chandarua yalishuka wakati wa kiangazi. Ya pili andika watu walisema nini kuhusu jambo hilohilo, ukitaja idadi yao na waliopinga. Ya tatu ndiyo kazi yenyewe: hapo unaandika vitu hivyo viwili vikikutana vinasema nini, kama vinakubaliana, vinapanuana au vinagongana. Safu ya tatu ikibaki tupu mstari baada ya mstari, una tafiti mbili zilizobanwa kwa pini moja.

Zikigongana, usifiche wala usichague upande unaoupenda. Kagua kifaa kwanza: huenda swali la hojaji lilieleweka vibaya, au mtu alimjibu mdadisi kile alichodhani serikali inataka kukisikia. Kisha angalia kama uliwauliza watu tofauti, mathalani hojaji ilijibiwa na baba na mahojiano yakafanywa na mama. Ukikuta vyote viko sawa, basi huenda pande zote mbili zinasema kweli juu ya mambo mawili tofauti, kama Bagamoyo na Rufiji, na hapo una jambo jipya la kuandika.

Gharama nazo ni halisi. Mahojiano ya saa moja huchukua saa kadhaa kunakiliwa, na mwanatakwimu mzuri mara chache ndiye msikilizaji mzuri. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miezi mitatu na fedha ya nauli tu si lazima abebe mizigo miwili. Kabla hujapeleka pendekezo kwa msimamizi wako, lifanyie jaribio hili: funika kwa mkono sehemu yote ya masimulizi, usome hitimisho unalolitarajia, kisha funika sehemu ya takwimu, usome tena. Ikiwa hitimisho halibadiliki mara zote mbili, huhitaji mbinu mseto. Chagua moja na uifanye vizuri.